Picha ya Mwezi wa Nane

Nilirudi kazini kabla likizo yangu haijaisha. Daktari alikuwa ameniandikia mapumziko marefu zaidi, lakini nyumbani kwetu Masaka, pembezoni mwa Kigali, mchana kulikuwa kimya mno. Mume wangu, ambaye ni fundi bomba, alikuwa akiondoka asubuhi na mfuko wake wa vifaa, nami nabaki nimekaa sebuleni nikisikiliza mafundi wakigonga mawe kwenye kiwanja cha jirani. Siku moja nilioga, nikavaa, nikaita pikipiki mpaka kituo cha basi. Sikuwa nimeamua chochote. Nilijikuta tu nimefika Remera, iliko ofisi yetu.

Tulikuwa tumempoteza mtoto wetu wa kwanza siku ile ile ya kuzaliwa kwake. Ujauzito ulikuwa umetimia. Uchungu ulianza kama walivyoniambia kwamba ungeanza, kisha damu ikatoka nyingi kuliko inavyotakiwa, wakanikimbiza chumba cha upasuaji. Nakumbuka nesi akinivua hereni na kuzitia kwenye mfuko wa shati lake. Baada ya hapo nilikaa siku kadhaa bila fahamu za kueleweka. Nilipoweza kuuliza, mtoto alikuwa ameshazikwa. Mume wangu alikwenda makaburini na kaka zake. Mimi sikumwona. Niliambiwa alikuwa wa kike.

Watu walidhani nalia nikiwa peke yangu. Sikuwa nalia. Maziwa yalipokuja, nilijifunga kanga kifuani na kuikaza mpaka yakakauka, na hata hilo nililifanya kama mtu anayefunga bomba linalovuja kwenye nyumba ya mtu mwingine. Majirani walikuja, wakaketi, wakasema "wihangane", neno la Kinyarwanda la kumpa pole mfiwa. Niliwaitikia. Niliwapikia chai. Mmoja alinitazama namna ninavyopanga vikombe, akaaga.

Ofisi yetu iko juu ya duka la vitambaa, si mbali na uwanja wa mpira. Siku za mechi tunafunga madirisha. Tunatengeneza vitabu vya kusomwa na wasioona, na kazi yangu ni kutia alama kwenye mafaili. Kitabu kinapotufikia huwa ni maandishi yaliyomwagwa tu. Mwenye macho akikifungua, anajua mara moja kichwa cha sura kiko wapi kwa sababu herufi zake ni kubwa. Lakini programu inayomsomea asiyeona haijui ukubwa wa herufi. Itasoma kichwa cha sura, namba ya ukurasa, tanbihi na sentensi iliyokatikia katikati, yote kwa sauti moja, kama mtu anayesoma huku anafukuzwa. Kwa hiyo napita mstari kwa mstari. Hiki ni kichwa kikubwa, hiki ni kidogo chini yake, hili ni jedwali na safu zake ni hizi. Hili ua la pembeni ni pambo tu, liruke. Na kila palipo na picha, naandika maneno ya kueleza kilichomo.

Kwenye maelezo ya picha tuna kanuni zetu. Usianze na "hii ni picha ya", kwa maana programu yenyewe hutangulia kusema "picha". Anza na kitu chote, kisha sehemu zake. Sema kilichopo, usiseme unachokifikiria. Kwa hali niliyokuwa nayo, kanuni ile ya mwisho ilinifaa kuliko dawa zote nilizopewa hospitali.

Tulikuwa watu watatu. Bosi wetu ni Mkenya, mtu mpole, mwenye mazoea ya kusafisha miwani anapokosa la kusema. Siku niliyorudi aliisafisha sana. Wa tatu ni dada wa Kinyarwanda ambaye hajaona tangu azaliwe. Ndiye anayesikiliza kila faili kabla halijatoka, akiwa na hedfoni masikioni, kwa kasi ambayo mimi nasikia mluzi tu. Wazee wa baba yake walikuja Kigali na bidhaa kutoka upande wa pwani, wakaoa huku, wakabaki. Kiswahili ni cha nyumbani kwao, ila ni cha Kigali, chenye "iko" kila mahali, "ao" badala ya "au", na Kinyarwanda kikipita katikati. Mimi wa Tabora hapo mwanzo nilikuwa namsahihisha, mpaka nikaona najisumbua.

Yeye naye alikuwa mjamzito. Tulikuwa tumebeba pamoja, mimi nikiwa nimemtangulia kwa miezi michache. Kabla ya yote, tulikuwa tukila mchana pamoja na kulinganisha vitu: nani anavimba miguu, nani hawezi kuvumilia harufu ya mafuta ya kukaangia. Niliporudi hakuja kwenye meza yangu. Nilimsikia akiuliza kwa Kinyarwanda kama nimefika, bosi akamjibu "yego", ndiyo, kisha fimbo yake ikagonga sakafu kuelekea upande mwingine. Sikumlaumu. Hata mimi nisingejua cha kusema, na wala sikutamani niambiwe kitu.

Wiki chache baadaye kikaja kitabu cha afya ya mama na mtoto. Kilikuwa cha Kiswahili, kimeandikwa kwa ajili ya wahudumu wa vijijini, na kikundi kimoja cha wanawake wasioona kilikuwa kimeomba kipate kusomeka kwao. Nilikiona kwenye skrini ya bosi kabla hajaniambia. Alijaribu kugeuza kompyuta.

"Hiki nitakifanya mwenyewe," alisema.

"Una ripoti za kuandika."

"Nitapata muda."

"Nipe mimi," nilimwambia. "Kina majedwali mengi. Wewe majedwali yanakushinda."

Ilikuwa kweli, naye alijua. Aliivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati. "Uko sawa kweli?"

"Niko sawa."

Kilikuwa kitabu kirefu, na nilikuwa natafuta kazi ndefu. Nilianza na vichwa vya sura, nikaenda kwenye majedwali ya chanjo na ya uzito, kisha picha. Mwanamke akinyonyesha ameketi kwenye kigoda. Mikono ikinawa kwa maji yanayotiririka. Niliandika na kupita. Nikafika kwenye michoro ya mtoto tumboni, mwezi baada ya mwezi, nayo nikaandika na kupita. Chini ya mchoro wa mwezi wa nane niliandika: "Mtoto tumboni. Kichwa kiko chini. Mgongo umejikunja, magoti yamekaribia kifua, mikono imekunjwa mbele ya uso." Nikahifadhi. Nikaenda kununua chapati.

Faili likaenda kusikilizwa. Kwa kawaida yule mwenzangu akikuta kosa huandika ujumbe mfupi: ukurasa fulani, kichwa kimekosa alama. Safari hii ujumbe ulikuja na maneno mawili tu, kwenye mchoro ule wa mwezi wa nane: "Sipati mtoto."

Niliyasoma maneno yale mara kadhaa. Kisha nikasikia fimbo ikija, na yeye mwenyewe akasimama mbele ya meza yangu, tumbo limetangulia. Bosi alikuwa ametoka kwenda benki.

"Dada," alisema, "si kwamba uliandika vibaya. Nimesikiliza mara nyingi. Maneno yote nayaelewa moja moja. Lakini mtoto simpati."

"Wapi panakushinda?"

"Kichwa iko chini. Chini ya nini? Chini ya ukurasa ao chini ya mama?"

Sikuwa nimewahi kufikiria swali hilo. "Vyote viwili," nilisema. "Mama amechorwa akiwa amesimama. Kichwa cha mtoto kiko karibu na mlango wa kuzaliwa."

"Ooh. Na wewe unamuonaje mtoto kama iko ndani? Mama amepasuliwa?"

Aliuliza hivyo hivyo, kama anavyouliza kuhusu picha ya injini au ya jani. Mtu ambaye hajawahi kuona mchoro hana namna ya kujua kwamba wachoraji hujiruhusu kukata vitu. Nilimwona akishtuka baada ya maneno kumtoka. Alishika ukingo wa meza.

"Nisamehe, dada."

"Umeuliza vizuri," nilisema. "Hajapasuliwa. Mchoraji amechora kana kwamba tumbo limekatwa katikati kama papai, ili tuone ndani. Hakuna damu."

"Na uso wa mama iko aje? Iko na maumivu?"

"Hana uso. Wamemchora kuanzia kifuani mpaka mapajani. Hana kichwa."

Akafikiri kidogo. "Kumbe," alisema. "Mtoto iko na kichwa, mama hana."

Nilijaribu tena kwa maneno. Nilimweleza mgongo unavyopinda, nikamwambia kama ndizi, akauliza ndizi ya aina gani, maana za kupika na mbivu hazipindi sawa. Nilimshika mkono nikamkunja ngumi, nikamwambia hivi, lakini ngumi haina magoti. Alikuwa anasikiliza kwa bidii, na nikaona kwamba hakuwa anafanya kazi ya ofisi tena. Alikuwa anauliza juu ya wake. Mkono wake mmoja ulikuwa ubavuni, mahali ambapo mtoto alikuwa anampiga.

"Kila siku ananigonga hapa," alisema. "Sijui ni mguu ao ni mkono. Nesi anasema iko vizuri tu. Kila mtu anasema vizuri tu."

Pembeni mwa chumba kulikuwa na mkeka wake wa kusalia, umekunjwa juu ya boksi la karatasi. Nilimwomba niutandike. Hakuuliza kwa nini. Niliutandika sakafuni kati ya meza mbili, nikavua viatu, nikalala kwa ubavu. Nilikunja miguu mpaka magoti yakafika karibu na kifua. Nikainamisha kichwa, nikaweka mikono mbele ya uso.

"Nipo hapa chini," nilimwambia. "Niguse. Mlango wa kuzaliwa uko upande wa kichwa changu."

Alipiga magoti polepole, akijishikilia kwenye kiti. Mikono yake ilianzia kichwani. Ilishuka shingoni, ikaufuata uti wa mgongo pingili kwa pingili, ikazunguka nyonga, ikafika kwenye nyayo. Akarudi juu upande wa mbele: miguu, magoti, viwiko, ngumi, pua. Alifanya hivyo bila haraka. Nje kulikuwa na mtu anaita wateja kwa kipaza sauti. Nakumbuka niliona vumbi chini ya kabati, na kalamu iliyokuwa imepotea muda mrefu.

"Huyu mtoto iko mkubwa sana," alisema.

"Ana miaka mingi tumboni."

Alicheka kidogo puani. Kisha akashika mguu wangu, akausukuma kama mtu anayejaribu bawaba. "Basi hapa kwangu ni mguu," alisema, akigusa ubavu wake. "Kama kichwa iko chini, hapa ni mguu."

"Ni mguu."

Mkono wake ulikuwa unapita tena kati ya mapaja na tumbo langu, nikamwambia awe mwangalifu, kuna mshono. Mkono ukasimama juu yake, juu ya gauni.

"Hapa?"

"Hapo."

"Naumiza?"

"Huumizi. Hapo sisikii kitu. Daktari alisema mishipa ikikatwa inachukua muda."

Hakuuondoa mkono. Tulikaa hivyo, mimi nimejikunja kwenye mkeka wake, yeye amepiga magoti. Mtu angefungua mlango angeshindwa kuelewa.

"Wako alikuwa amelala hivi?" aliuliza.

"Sijui. Sikumwona."

"Hata baadaye?"

"Nilipozinduka walikuwa wameshamzika. Baba yake ndiye alimwona."

"Na yeye anasema alikuwa aje?"

"Sijamuuliza."

Nilidhani atasema wihangane kama wengine. "Mimi ningeuliza," alisema mwishowe. "Mimi kila kitu nauliza. Nisipouliza sina kitu." Kisha akanyoosha mkono kutafuta kiti ili ainuke, nikaamka nikamsaidia, tukakunja mkeka.

Bosi aliporudi alinikuta naandika upya. Nilianza na mchoro wenyewe: kwamba umechorwa kana kwamba mwili wa mama umekatwa katikati ubavuni ili ndani paonekane, kwamba mama amesimama, kwamba ameonyeshwa kuanzia kifuani hadi mapajani tu. Ndipo nikamweka mtoto. Mwishoni niliongeza sentensi ya kumwambia msomaji namna ya kulala kwa ubavu na kujikunja, ili aijue hali hiyo kwa mwili wake. Hiyo haikuwa ndani ya kanuni. Bosi aliisoma, akasafisha miwani, akaiacha.

Sikumuuliza mume wangu jioni ile, wala wiki ile. Tulikuwa tumeshazoea kuishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Alinipikia, nilimfulia. Akirudi aliniambia maji yamekatika mtaa gani na nani kakosea kuunga bomba. Tangu hospitali hakuwahi kulitaja jambo lile mbele yangu, nami nilichukulia kwamba hataki, na kwa kuwa hata mimi sikuwa nahisi haja, niliona tumeelewana.

Ilikuwa Jumapili mchana. Tulikuwa uani tunapukuchua maharage, yeye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi kwenye mkeka. Nilisema bila kumtazama:

"Mtoto alikuwaje?"

Aliendelea na ganda alilokuwa nalo mkononi mpaka likaisha. Mume wangu ni Mnyarwanda, alijifunza Kiswahili kwenye majengo akifanya kazi na Wakongo na Watanzania, na akiwa na wasiwasi *l* yake hugeuka *r*.

"Alikuwa amerara tu," alisema.

Nilingoja.

"Nywele nyingi. Nyeusi sana. Nesi alisema hajaona mtoto wa nywele kama zile." Alichukua ganda lingine, akalishika bila kulifungua. "Vidole virefu, vya kwako. Kucha iko zote. Na sikio, hili ra kushoto, rilikuwa limekunjwa juu, kama mtu amerarira. Nikarinyoosha na kidole. Rikarudi. Nikanyoosha tena, rikarudi."

"Mara ngapi?"

"Mpaka nesi akaniambia basi."

Nilimuuliza alivishwa nini. Akasema nguo za njano tulizonunua, zilimpwaya mikononi, ikabidi akunje. Nilimuuliza kwa nini hawakumngoja mama yake. Akasema daktari hakujua kama nitaamka, na kaka zake walisema mambo mawili hayawezi kukaa pamoja kichwani mwa mtu, azike kwanza hili moja.

"Sha," aliniita, kama anavyoniita kwa mapenzi tangu tulipojuana, "niliogopa utaniuliza. Harafu nikaona hauniulizi. Nikaogopa zaidi."

Nilisubiri kitu kije. Nilijua kwamba hapo ndipo watu hulia, na nilikuwa tayari, hata niliweka chini ungo. Hakikuja. Nilikuwa na sikio lililokunjwa na mikono ya nguo iliyokunjwa, na nilivishika vyote viwili kichwani kama mtu aliyekabidhiwa vitu sokoni na hana kapu. Nikamwomba anirudie ile ya sikio. Alinirudia yote tangu mwanzo, safari hii taratibu zaidi, akinionyesha kwenye sikio lake mwenyewe. Katikati ya maneno alianza kulia. Nilimshika goti. Matone ya mvua yakaanza kuanguka, tukainuka kuingiza maharage ndani.

Kitabu kilitoka mwezi uliofuata. Mwenzangu alijifungua salama, mtoto wa kiume, na kwa muda bosi akawa anasikiliza mafaili mwenyewe, akilalamika kwamba sauti ya programu inamtia usingizi. Nilikwenda kumwona mwenzangu huyo nyumbani kwa shangazi yake nikiwa na sukari na sabuni. Njiani nilifikiria mara nyingi kurudi.

Nilimkuta ameketi kitandani, mtoto begani. Shangazi alinikaribisha kiti, akasema kwa upole kwamba si lazima nimpakate. Mwenzangu alisema, "Mwacheni, atasema mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Dada, nina njaa kweli. Shangazi amepika pilau na huyu hataki nimweke chini."

"Nipe," nilisema.

Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na wa moto. Alilia mara moja, kilio cha hasira, akajinyoosha mpaka nikaogopa ataniponyoka. Nilitembea naye kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Nilitazama kama kifua changu kitafanya lolote, hakikufanya. Mama yake alikula sahani nzima akiwa ameelekeza sikio kwetu. Mtoto aliponyamaza alisema, "Amelala," kabla mimi sijaona. Niliendelea kutembea naye hata hivyo. Hakuna aliyeniambia nimrudishe, na nilikaa mpaka adhana ya magharibi.

Nilifika Masaka giza limeshaingia. Mume wangu alikuwa amepika isombe, yaani kisamvu, na wali. Tulikula. Aliuliza nilikuwa wapi, nikamwambia. Akaacha kutafuna.

"Anaria sana?"

"Sana."

"Ana nguvu?"

"Ana nguvu. Mkono wangu bado unauma."

Aliitazama mikono yangu, kisha akanisogezea bakuli la isombe. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa na njaa, na nilikuwa sijaisikia njaa kwa muda mrefu.